Kutoka Diploma Mpaka Digrii ya Chuo Kikuu cha Serikali Hapa Nairobi: Anzia Mwisho, Rudi Nyuma

Kama ulipata C ama C- kwa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na saa hii uko Kabete Poly, PC Kinyanjui, Nairobi Technical ama KMTC unasukuma diploma, na roho yako iko kwa chuo kikuu kama UoN ama KU ama JKUAT ama TUK, hii nimekuandikia wewe. Njia iko. Ukitoka moja kwa moja na KCSE, digrii inataka C+, hiyo kila mtu anajua, lakini diploma nayo ni mlango na watu wanapitia hapo kila mwaka. Chenye kinakula watu miaka mara nyingi si gredi, ni kungoja mpaka cheti kitoke ndio waanze kuuliza maswali. Mimi nilingoja. Nilipoteza mwaka mzima na kitu juu, na mwingi wake ulienda nikitafuta karatasi ambazo ningezipata kwa asubuhi moja nikiwa bado mwanafunzi.

Kwa hivyo ushauri wangu wote umekaa kwa kitu kimoja: anza na digrii yenyewe, ile unataka, kwa chuo kile unataka, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale umesimama leo.

Lakini kwanza tutoe hii ya KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi kwa vyuo, njiani juu inachanganya watu sana. Kwa potali ya KUCCPS utaona neno transfa. Hiyo ni ya mtu ambaye KUCCPS ilimpeleka chuo fulani na matokeo yake ya KCSE na sasa anataka chuo kingine, na lazima pointi zake zifikie zile kozi mpya inataka. Si yako. Wewe unaenda na diploma, kwa hivyo unaomba nafasi kwa chuo kikuu chenyewe, ofisi yao ya admishoni ama potali yao, na kwa kawaida unaingia kama mwanafunzi wa kujilipia. Nimeona watu wakipanga foleni pale ACK Garden House, Community, asubuhi mapema, kuuliza kitu ambacho jibu lake liko kwa idara ya chuo wanachotaka.

Sasa, kuanzia mwisho maana yake ni nini. Maana yake ukiwa mwaka wa kwanza wa diploma, ama hata kabla ujiunge, enda idara inayofundisha hiyo digrii uombe vitu viwili: orodha ya yuniti zote kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, na masharti ya kuingia kwa mtu wa diploma. Enda na miguu yako. Wavuti inaweza kuwa na masharti ya zamani, na kwa simu utaambiwa tu "angalia wavuti". Ukifika ofisini usiseme unataka transfa, sema "naomba kujua mtu mwenye diploma ya kitu fulani anaingia mwaka gani na anasamehewa yuniti gani", yaani yuniti gani hatarudia kwa sababu alishazisoma kwa diploma. Hilo swali linakupeleka kwa mtu mwenye jibu. Ukirushwa kwa ofisi nyingine usikasirike, andika jina la ofisi na uende.

Kwa masharti angalia mambo mawili kwa makini. La kwanza ni kiwango cha diploma. Kwa mtihani wa KNEC, lile baraza la mitihani la taifa, 1 na 2 ni Distinksheni, 3 na 4 ni Krediti, 5 na 6 ni Pasi, na vyuo vikuu vingi vinataka angalau Krediti. Mtu mwenye Pasi mara nyingi anaambiwa aongeze miaka ya kazi, ama anakataliwa tu. Ukijua hii ukiwa bado kwa modyuli ya kwanza utasoma tofauti, nakuhakikishia. Kama uko kwa mtaala mpya wa umahiri, ule wa TVET CDACC Levo 6, matokeo yako yanakuja kwa maneno mengine, umahiri na ustadi badala ya Krediti, kwa hivyo uliza mapema huko unakoenda wanayasoma vipi, na uliza chuo chako kama kinaweza kukupa transkripti yenye maksi kabisa. Usingoje siku ya kuomba nafasi ndio ugundue karani hajui aweke nini kwa kisanduku cha gredi.

La pili ni masomo ya KCSE. Watu wanadhani diploma inafuta KCSE. Haifuti kila mahali. Kozi nyingine zitarudi kukuuliza ulipata ngapi hesabu, ngapi fizikia, ngapi Kiingereza, hata kama una Distinksheni ya diploma.

Na hapo ndipo unafaa kuangalia mbali kuliko chuo, uangalie bodi ya kazi yenyewe. Chukua injinia. Mtu wa diploma ya umeme anaweza kwenda BSc ya injinia ama BTech, ile ya teknolojia, na zote zinaitwa digrii, na akina mama nyumbani watashangilia zote sawa. Lakini Engineers Board of Kenya inasajili mainjinia kutoka programu za injinia ilizozikubali, na watu wa teknolojia ya uhandisi wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa na sheria ya 2016. Hakuna iliyo mbaya, ila ni kazi mbili na leseni mbili, na unafaa uchague ukijua. Kwa kusomea sheria ni pagumu zaidi: sheria ya Kenya School of Law ya 2012 inaangalia pia gredi za KCSE, kuna B ya Kiingereza ama Kiswahili hapo ndani, na watu walioingia LLB, digrii ya sheria, kwa kupanda kutoka diploma wamejikuta kortini wakipigania nafasi ya kusomea uwakili. Kwa unesi ni rahisi kidogo, mwenye KRCHN, ile diploma ya unesi, ambaye amesajiliwa na Nursing Council na leseni yake iko hai ana programu za BScN, digrii ya unesi, zilizotengenezwa kwa ajili yake, hata hahitaji kuhangaika na yuniti moja moja.

Sasa tuingie kwa ile kitu iliniumiza mimi.

Kukubaliwa na kusamehewa yuniti ni maamuzi mawili tofauti. Rudia hiyo mara mbili. Barua ya kukubaliwa inaweza kuja na bado uko mwaka wa kwanza, yuniti ya kwanza, kama mtu ametoka Fomu Foo jana. Kusamehewa unaomba mwenyewe, kwa fomu yake, na mara nyingi kuna ada yake, na anayeamua si karani wa admishoni, ni lekchara wa idara anayeketi na karatasi mbili mbele yake: maelezo ya yuniti yao na maelezo ya yuniti yako. Anaangalia mada, anaangalia masaa, anaangalia ulipata nini.

Mimi nilifanya diploma ya ICT ya KNEC kwa chuo kimoja hapa Nairobi, sitakitaja. Nikaenda idarani na transkripti safi, Krediti, nimevaa vizuri, nimejiamini. Mama wa ofisi alikuwa mpole. Akaichukua, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akaweka kidole kwa mstari mmoja.

"Mwanangu, hapa naona ulifanya O.S. Sawa. Lakini ndani ya hiyo O.S. ulisoma nini?"

O.S. ni ile yuniti ya mfumo endeshi wa kompyuta. Nikaanza kumweleza, mambo ya prosesi na memori. Akatingisha kichwa.

"Si mimi. Hiyo inafaa kuongea ikiwa kwa karatasi. Leta silabasi yenye muhuri wa chuo chako."

Silabasi. Miaka miwili na nusu nimekaa darasani sijawahi kuishika. Nikarudi chuo chetu, mkuu wa idara niliyemjua alikuwa amehamishwa, aliyekuja hakunijua, kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo uko na mtu yuko likizo. Nilipanda matatu kwenda huko mara saba, nilihesabu. Mwishowe mwalimu mmoja wa zamani akanitolea nakala yake mwenyewe, kurasa zimekuwa njano, ukurasa wa programing una duara la chai, nikaibeba mpaka saiba ya mtaani nikapiga kopi kurasa mia na kitu, halafu nikakaa kwa benchi nje ya ofisi ya rejista mama mmoja akigonga muhuri ukurasa baada ya ukurasa. Wino ulikauka katikati. Akatafuta mwingine, akaendelea. Nilimshukuru mpaka akacheka. Lakini dirisha la kuomba kusamehewa lilikuwa limefungwa wiki tatu nyuma, na ofisi ya kule nilikoenda haikuwa imeniambia kama kuna dirisha. Nikaingia semista ya kwanza nikafundishwa kuwasha kompyuta.

Kwa hivyo fanya hivi ukiwa bado uko ndani. Kila semista ikianza, omba maelezo ya yuniti kwa kila mwalimu, ile karatasi yenye mada za kila wiki, idadi ya masaa na vitabu. Piga picha, hifadhi pahali pawili, na weka karatasi yenyewe kwa faili. Mwisho wa mwaka peleka yote kwa mkuu wa idara agonge muhuri na kuweka tarehe. Walimu wanakujua, ofisi zinakujua, itakuchukua asubuhi moja. Ukishamaliza ukaenda, wewe ni mtu wa nje anayesumbua.

Ukishakuwa na orodha ya yuniti za digrii mkononi, kaa chini na kalamu ulinganishe mwenyewe kabla ya lekchara. Usiangalie majina, angalia ndani. Mimi nilidhani hesabu yetu ya diploma itanitoa kwa hesabu yao yote, ilhali yao imegawanywa, kalkulasi peke yake, aljebra peke yake, takwimu peke yake, na yetu iligusa kidogo kidogo kila mahali, kwa hivyo haikunitoa hata moja. Kinyume chake, yuniti mbili zetu ndogo zikiunganishwa zingeweza kujaza moja yao, ila lazima wewe uoneshe, uandike wazi kwa barua ya kuomba kwamba hii na hii pamoja ni sawa na ile. Lekchara ana mafaili arobaini mezani, hatakutafutia. Zile za kawaida kama mawasiliano na utangulizi wa kompyuta ndizo hutoka kwa urahisi. Na ujue kuna kikomo, hakuna chuo kitakupa digrii yake kwa yuniti za kwingine tupu, uliza kikomo chao ni kipi ndio usiote mwaka wa tatu.

Karatasi nyingine ni za kawaida, nazitaja haraka: cheti cha KCSE, risulti slipu na cheti cha diploma, transkripti kamili, barua ya kumaliza, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, picha. Majina yalingane kwa zote. Kama KCSE inasema Wanjiku na kitambulisho kinasema Wanjiku Mwangi na diploma imeandikwa kwa herufi imekosewa, rekebisha sasa, hati ya kiapo ama hata kubadilisha jina rasmi kwa wakili si kitu cha wiki moja. Ukipoteza cheti cha KNEC unaomba kupitia potali yao ya QMIS, usimpe pesa mtu wa mtaani anayesema ana mtu ndani. Na klia na chuo chako, maliza salio la karo, juu ukiwa na deni ndogo ya maktaba unaweza kukosa transkripti wiki ile ile unaihitaji.

Kwa kalenda, hapa ndipo hesabu inakataa kwa watu wengi. Mitihani ya KNEC ya diploma huwa Julai na Novemba, na matokeo hutoka miezi kadhaa baadaye. Vyuo vikuu hufungua mwaka mpya Septemba, na vingine huchukua watu Januari na Mei. Ukifanya karatasi ya mwisho Julai, Septemba ya mwaka huo sahau, panga Januari ama Mei, na uliza idara kama mtu wa kuingia Januari atapata yuniti zake juu nyingine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiwa na karatasi ya kurudia, ongeza miezi mingine. Miezi hiyo ya katikati usikae bure, tafuta atachimenti ama kazi, ndio ile pesa ya kuanzia.

Pesa sasa. Kwa sababu unajilipia, uliza maswali matatu: karo ni kwa semista ama kwa yuniti, yuniti iliyosamehewa inapunguza karo ama inabaki pale pale, na ada ya kusamehewa ni ngapi kwa kila yuniti. Kuna watu walisamehewa yuniti nne na karo ikabaki ile ile, walichookoa ni wakati tu, na hiyo pia ni kitu lakini ujue mapema. Mkopo wa HELB, kama ulichukua ukiwa diploma, haujapotea, uko na riba ya 4% kwa mwaka, na ukinyamaza baada ya muda wa neema faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Waambie HELB kwamba umerudi shule. Ofisi iko Anniversary Towers, University Way, karibu kabisa na UoN, unaweza kufanya safari moja kwa zote mbili. Uliza pia kama unaweza kupata mkopo wa digrii kwa hali yako, usitegemee kile kaka yako alipata alipopelekwa na serikali.

Na hesabu usafiri na nyumba kama sehemu ya karo. Mtu wa KU anaweza kupanga Kahawa Wendani, wa JKUAT anahamia Juja, wa Multimedia anaangalia Rongai, wa UoN ama TUK anaweza kukaa Ngara ama akatoka tu nyumbani kila siku. Kama unafanya kazi, TUK, ile wazee bado wanaita Kenya Poly, iko Haile Selassie pale pale taoni, na madarasa ya jioni taoni yanakuacha saa ambayo matatu bado ziko. Nilisoma na dada mmoja wa Kayole aliyekuwa anatoka kazini Industrial Area saa kumi na moja, anaingia darasani na uniform, anakula viazi karai akiandika noti. Alichagua kozi kwa taimtebo kwanza, jina la chuo baadaye. Sasa naona aliona mbali.

Barua ikishakuja, kabla ulipe hata shilingi, rudi idarani na uliza upewe kwa maandishi: naingia mwaka gani, nimesamehewa yuniti gani kwa jina na nambari yake, na zipi za nyuma bado nadaiwa. Maandishi, na sahihi, na muhuri. Neno la mdomo la mtu mpole kwa ofisi halitakusaidia akienda likizo.

Halafu chukua taimtebo ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, uziweke kando kando. Hii hakuna mtu aliniambia. Ukiingizwa mwaka wa pili na bado unadaiwa yuniti tatu za mwaka wa kwanza, kuna siku zitagongana, Jumanne saa mbili asubuhi uko na kalkulasi na watoto wa mwaka wa kwanza na databesi na wenzako wa mwaka wa pili, na huwezi kukaa vyumba viwili. Mbaya zaidi kama ile unadaiwa ndiyo ufunguo wa nyingine ya mbele: bila kalkulasi hupewi takwimu, bila takwimu hupewi ile ya mwaka wa tatu, na kama kalkulasi inafundishwa semista ya kwanza peke yake, umeshaongeza mwaka bila kufeli chochote. Chora kwa karatasi, mishale kutoka yuniti hadi yuniti, uone ni ipi lazima uanze nayo. Ukiona mgongano nenda kwa mratibu wa kozi wiki ya kwanza kabla usajili haujafungwa, wakati mwingine kuna darasa la jioni ama la kampasi nyingine wanaweza kukuruhusu. Wiki ya tano hakuna mtu atakusikiza. Na kama ukichora unaona wazi kwamba kuingia mwaka wa pili kutakuchosha na hakutakuokoa hata semista moja, ingia mwaka wa kwanza bila aibu, ukiwa na msingi tayari utapata wastani mzuri.

Kitu cha mwisho ufanye kabla mtihani wa kwanza haujafika. Ingia kwa potali ya wanafunzi, fungua ukurasa wa yuniti zako, uone kama zile ulizosamehewa zimeingizwa kwa mfumo. Barua iko kwa faili yako, lakini ofisi ya mitihani inasoma mfumo, na kama hazimo, miaka mitatu baadaye jina lako linakosa kwa orodha ya kugraduate kwa sababu ya yuniti ambayo hukuwahi kufaa kuifanya. Kama hazimo, peleka nakala ya barua kwa idara na nyingine kwa ofisi ya mitihani, wakugongee muhuri wa kupokea kwa nakala yako, halafu rudi kila Ijumaa uangalie mpaka zionekane.